Bunduki Ndogo ya Mpwa Wetu

 

Wasomaji wetu waliozoea kutusoma juu ya malezi, mirathi na adabu za jirani watastaajabu kuona leo twaandika juu ya bunduki. Nasi pia tulistaajabu. Lakini jambo lililotufikisha huko lilianza ndani ya nyumba, baina ya mume na mkewe, na kwa hiyo twaona halikutoka nje ya mipaka ya ukurasa huu.

Mwezi wa Shawwal mwaka 2024 tulimzuru mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, anayeishi Leicester, Uingereza, na mkewe na mtoto wao wa kiume wa miaka 12. Siku ya pili tulihisi baridi isiyokuwa ya hali ya hewa. Mume akisema na ukuta, mke akisema na sufuria. Baada ya chakula cha usiku yule binti akatuandalia kahawa, akaketi, akasema: "Mjomba, ndani ya nyumba yangu kuna kitu ambacho sina ufunguo wake."

Kitu chenyewe kilikuwa bunduki. Mpwa wetu ana rafiki mkulima wa ngano, na sungura wamemla mkulima yule mpaka karibu na mlango. Akamkaribisha awawinde, naye akaomba cheti polisi. Tulielezwa kwamba kule cheti hakipatikani kwa urahisi. Polisi huuliza sababu na ardhi itakayotumika, huja nyumbani kukagua, huuliza habari za afya kwa daktari, na cheti chenyewe huisha baada ya miaka 5. Bunduki hufungiwa ndani ya kasha la chuma lililopigiliwa ukutani, na mahali ulipo ufunguo hapatakiwi kujulikana na mwingine, hata mke. Hilo ndilo lililomuuma binti yetu. Amekulia visiwa vya kaskazini mwa Pwani yetu, na kwake mlio wa bunduki haukuwa habari ya mchezo kamwe.

Mpwa wetu kwa upande wake alitaka kwetu jambo moja tu: tuseme sungura ni halali, basi maneno yaishe.

Tulimwambia kuwa sungura ni halali bila shaka, kwani imethibiti katika hadithi ya Anas bin Malik kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa paja la sungura akalipokea. Lakini uhalali wa nyama ni suala moja, na amani ya nyumba ni suala jingine. Tukasema twende tukaione bunduki hiyo kazini kabla hatujasema lolote.

Kesho yake alasiri tulikuwa shambani. Alipoitoa katika mfuko wake, tulikiri kwamba ilitupendeza. Ni raifali mpya ya Wacheki, aina ya CZ 457, yenye kitako cha mti wa mjozi uliong'arishwa kama mlango wa nyumba ya Mji wa Kale, na juu yake darubini. Ni nyepesi. Komeo lake huteleza bila kukwaruza, na kibweta chake hubeba risasi 5. Risasi yenyewe ndiyo iliyotushangaza: kipenyo chake ni milimita 5.6, na kile kipande cha risasi kinachoruka hakifiki gramu 3. Tulikiweka kiganjani tukaona kama punje ya tende iliyokauka. Moyoni tukasema, hiki nacho ndicho kilichovunja mazungumzo ya mke na mume?

Mkulima alikuwa ameandika ruhusa yake, basi mpwa wetu akatubandikia karatasi mbele ya kingo ya udongo, hatua 50, akatusimamia. Tulilala kifudifudi, tukapiga mara tano. Haikurudi nyuma kutusukuma bega, na kwa ajili ya kizuia sauti kilichofungwa mdomoni mwake, hatukusikia mshindo bali kitu kama mtu aliyefunga kitabu kwa haraka. Risasi za aina ile hufanywa ziende polepole kuliko sauti, kiasi cha mita 320 kwa sekunde, ndiyo maana haziliii hewani. Matundu yetu matano yangefunikwa kwa kisahani cha kahawa. Hatutaficha kwamba tulijiona hodari.

Hapo mpwa wetu akatukumbusha jambo ambalo tulipaswa kulikumbuka sisi: kipande kile kidogo kikikosa, chaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na kikigonga jiwe au ardhi ngumu huruka upande usiotarajiwa. Kwa sababu hiyo hapigi mpaka aone udongo nyuma ya mnyama. Twamshukuru kwa tahadhari hiyo, kwani madogo yasiyotisha ndiyo yanayotughafilisha.

Tukaswali alasiri kando ya ua wa miti, kisha tukakaa kungojea. Kule majira yale Maghribi huingia baada ya saa mbili usiku, na sungura hutoka jua likiwa limelegea. Wa kwanza alitoka hatua 40 hivi. Mpwa wetu akasubiri, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akapiga. Sungura alianguka pale pale, wala hakutikisa sikio. Tulipomfikia roho imekwisha kutoka.

Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya windo la risasi. Asili ya mjadala ni hadithi ya Adiy bin Hatim: kilichouawa kwa kutobolewa huliwa, na kilichouawa kwa kupigwa ubavu wa silaha hakiliwi. Wapo waliosema risasi huua kwa kishindo, na wapo, nao ni wengi katika zama zetu, waliosema hutoboa na kupenya kama ncha ya mshale, basi windo lake ni halali ikiwa jina la Mungu limetajwa. Mnyama akikutwa angali hai ni lazima achinjwe. Hapa tuliona tundu dogo la wazi, tukaishika kauli ya pili.

Yaliyofuata twayaandika kwa haya. Mwanga ulikuwa ukipungua, na mpwa wetu akasema yatosha. Sisi tukamwona mwingine upande wa pili wa shamba, mbali, pengine mara mbili ya yule wa kwanza. Tukamnong'oneza: "Yule je?" Akasema ni mbali. Tukasema: "Umepiga vizuri sana, jaribu." Kijana wa watu hakupenda kumkatalia mjomba wake. Akapiga.

Hatukujua kabla ya siku ile kwamba sungura ana sauti. Alilia mlio mwembamba kama wa mtoto mchanga, akajiburura kwa miguu ya mbele, akaingia shimoni chini ya ua. Tulikwenda na tochi. Tuliona damu kwenye majani na manyoya machache mdomoni mwa shimo. Tukapiga magoti, tukaingiza mkono mpaka begani, hatukufikia kitu. Tulibaki pale mpaka wakati wa Maghribi ukatubana.

Tumefundisha kwa miaka mingi hadithi ya kufanya wema katika kila jambo hata kuchinja: kisu kinolewe, mnyama asiteseke. Tumewaonya watoto wasifanye chenye roho kuwa shabaha. Na pale, kwa sababu ya matundu matano katika karatasi, tulimhimiza mtu afanye tulichokikataza. Bunduki haikuwa na kosa, na mpwa wetu alikuwa amekwisha kusema hapana. Kosa lilikuwa la ulimi wetu.

Binti yetu alimpika yule mmoja kwa nazi ya kopo na ndimu, baada ya kulikata na kulitupa eneo lote lililoguswa na risasi, kwani madini yake ni sumu. Tulipoketi, mtoto akauliza: "Baba, mlipata mmoja tu?" Mpwa wetu akatutazama. Tukamwambia mtoto sisi wenyewe habari ya wa pili, bila kupunguza, na nani aliyemhimiza baba yake. Mtoto akaacha kula kwa muda, na hatukumlazimisha.

Baadaye usiku mke na mume waliketi wakasemezana, na safari hii hawakuhitaji kadhi. Alichotaka binti yetu hakikuwa ufunguo bali kushauriwa. Wakakubaliana: hapigi zaidi ya hatua 50, hapigi mwanga ukififia, hawindi ila wakihitaji nyama au mkulima akidhurika, na wakitimiza mwaka wataulizana upya kama bunduki ibaki. Akisema itoke, itatoka.

Vijana wetu wanaotusoma wasije wakatamani. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeshikilia katazo hilo. Aliye na hamu ya sungura na afuge, wengi wafanya hivyo. Na wazee wenzetu tunaosikilizwa tukinong'ona, na tuchunge tunachonong'ona.

Wabillahi tawfiq.