Mapigo ya ziada, na kwa nini sitaki ile skrini ya kijani

Leo tuziache lugha za programu kidogo. Kuna mteja ameniomba nimwandikie programu ya simu inayosoma mapigo ya moyo kutoka kwa saa ya mkononi, kisha imtunuku mtumiaji alama: mapigo ya ziada yakipungua wiki hii, alama inapanda na skrini inakuwa ya kijani. Kazi ni ya siku tano hivi na pesa si haba. Lakini kabla ya kugusa kibodi nilianza kusoma, na sasa tunavutana.

Tuelewane kwanza. Shambulio la moyo ni mshipa wa damu kuziba. Moyo kusimama ghafla mara nyingi ni hitilafu ya umeme: vyumba vya chini vinatetemeka badala ya kusukuma damu, mtu anaanguka, na asipokandamizwa kifua na kupigwa shoti anakufa kwa dakika chache. (La kwanza laweza kuzua la pili, ndiyo maana watu huyachanganya.)

Madaktari walikuwa wamegundua kwamba aliyepona shambulio lakini ana mapigo mengi ya ziada yuko hatarini zaidi kufa ghafla. Dawa za kuyazima zilikuwepo, encainide na flecainide, na ukipima, mapigo yanapungua kweli. Basi wagonjwa wakapewa. Nani angepinga?

Ndipo likafanywa jaribio la CAST. Walichukuliwa wagonjwa ambao dawa ilikuwa tayari imewazimia mapigo hayo, wakagawanywa kwa kura: hawa dawa, hawa kidonge kitupu. Mwaka 1989 dawa hizo mbili zilisimamishwa kabla jaribio halijaisha. Ripoti ya 1991 inasema hivi: baada ya wastani wa miezi 10, kati ya 755 waliomeza dawa walikufa 63, kati ya 743 wa kidonge kitupu, 26. Soma tena hizo namba. Sisi tunajua ujanja wa kuficha maonyo ya seva ili bosi alale. Hapa kilichofuta maonyo ndicho kilichoangusha seva.

Ninachokipenda mimi ni kifaa cha Michel Mirowski na wenzake, alichowekewa mgonjwa wa kwanza mwilini mwaka 1980 katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Hakihangaiki na kila pigo la ziada. Kinasikiliza, kinasubiri, na mtetemeko wa hatari ukianza kinapiga shoti.

Mteja anasema watumiaji wanapenda kijani. Nimemwambia mapigo ya ziada kwa mtu mwenye moyo mzima mara nyingi hayana neno, kwa hiyo alama itamtisha huyu bure na kumpumbaza yule. Nimependekeza tuonyeshe hesabu tupu, na ujumbe mmoja: ukizimia ghafla, au ndugu yako alikufa ghafla akiwa kijana, nenda kwa daktari. Tunakutana Alhamisi. Akishikilia alama zake, amtafute mwandishi mwingine, Nairobi tumejaa.