Mayai ya Nyoka Chumbani Kwangu

Wengi wenu mmesikia uvumi kwamba yule injinia wa Kibongo anafuga nyoka chumbani, na wengine mmeacha hata kuja kula ugali kwangu. Naomba nichukue nafasi hii kuweka mambo sawa. Nyoka si wangu. Ila mayai yake niliyatotolesha mimi, kwa siku 61, na vitoto vikatoka salama.

Kwanza tuelewane. Mimi nimekulia Tanga, na kwetu nyoka akionekana uani hakuna mjadala. Mmoja anashika fimbo, jirani anakuja na panga, na swali la kwamba ni nyoka wa aina gani linaulizwa akishakufa. Kwa hiyo nilipopanga chumba kwa mzee mmoja hapa Sheffield, nikakuta sebuleni kuna kabati la kioo lenye nyoka wa rangi ya machungwa, nilikaribia kurudisha funguo. Unafuu wa kodi ndio ulionibakisha.

Nyoka huyu Waingereza humwita nyoka wa mahindi. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, ambako hufuata panya kwenye maghala. Hana sumu, huua kwa kubana, na akikomaa hufika kama mita moja na nusu. Kumfuga hapa hakuhitaji leseni. Sheria ya mwaka 1976 ya wanyama pori hatari inawagusa akina koboko, si huyu.

Alikuwa wa marehemu mke wa mzee. Mama yule ndiye aliyejua kila kitu kuhusu nyoka, mzee kazi yake ilikuwa kupitisha chai tu. Mwanzoni mwa Aprili mama aliazima dume kwa rafiki yake, akaandaa na kisanduku cha kutagia. Wiki mbili baadaye akaugua ghafla, akafariki. Mwishoni mwa Mei, nikiwa jikoni, mzee akanigusa bega: "Kijana, wewe si injinia? Njoo uone." Ndani ya kisanduku kulikuwa na mayai 14. Mzee hakulia. Alisema tu kwamba hiki ni kitu cha mwisho alichokianzisha mke wake, na hataki kiharibikie mikononi mwake. Niambieni, nani angekataa hapo?

Basi bwana, usiku ule sikulala, nikawa nasoma. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba yai la nyoka si yai la kuku. La kuku hugeuzwa mara kadhaa kwa siku. La nyoka, likishatagwa, kijusi hujishikiza upande wa juu wa ganda, na ukiligeuza baada ya hapo unaweza kukiua. Nikachukua penseli, nikatia alama juu ya kila yai. Yaliyogandana niliyaacha yalivyo, maana kuyabandua ni kuyachana. Ganda lenyewe si gumu, ni kama ngozi, na hunyonya maji. Kwa sababu hiyo hulazwa kwenye vemikulaiti, yale madini mepesi yanayouzwa kwenye maduka ya bustani, iliyochanganywa na maji kwa uzito sawa. Ukiikamua mkononi isitiririke. Nilipomulika kwa tochi, mayai 12 yalionyesha mishipa myekundu. Mawili yalikuwa madogo, ya njano, hayana kitu.

Jambo la pili ni joto. Chatu wa kwetu hujizungushia mayai yake akayalinda, lakini nyoka wa mahindi akishataga anaondoka zake. Kazi ya joto ikabaki kwangu. Nililenga nyuzi 28. Yakizidi 32 kwa muda mrefu vitoto hufa au hutoka na vilema. Yakishuka kidogo huchelewa tu. Kwa lugha ya darasani, mfumo huu unavumilia upande mmoja kuliko mwingine, basi uegemeze upande wa baridi. Nikachukua boksi la povu jeupe, kama yale ya kusafirishia samaki, nikaweka mkeka wa umeme wa kupashia joto na themostati. Kihisio nilikiweka jirani kabisa na mayai, si juu ya mkeka, maana mkeka hupata moto mapema na themostati ingekuwa inadanganyika. Kisha nikapanga chupa sita za maji za lita moja moja. Maji hushika joto. Sisi tuliokulia na mgao wa umeme hatuwezi kuamini swichi peke yake.

Chupa zile ndizo zilizotuokoa. Siku ya 34 mashine ya kufulia ilileta hitilafu, swichi kuu ikakata umeme. Mzee alikuwa kliniki, mimi maabara. Nilirudi baada ya saa sita nikakuta kipimajoto kinasoma 24. Mzee akasimama mlangoni na koti lake, akauliza, "Yamekufa?" Sikuwa na jibu. Tulisubiri joto lipande taratibu, kisha nikamulika yai moja moja bila kulisogeza. Mishipa ilikuwa bado myekundu. Mzee akaenda kuvua koti.

Katika siku hizo mama alipiga simu kutoka nyumbani. "Mwanangu, nimekutuma ukasome, wewe unaatamia nyoka? Mtoto wa nyoka ni nyoka!" Nikamweleza habari ya mzee na mkewe. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na huyo mzee anakula?" Tangu hapo kila akipiga ananiuliza habari za mzee kwanza, kisha mayai, mimi mwisho.

Yai moja lilioza mapema. Yaliyobaki yalianza kubonyea siku ya 59, na siku ya 61 yakachanika. Kitoto huchana ganda kwa kijino maalumu, hutoa pua, halafu hutulia humo hata siku nzima akimalizia kiini. Usimvute. Mzee alivuta kiti akakaa mbele ya boksi toka asubuhi hadi usiku. Walitoka 11, wembamba kama penseli, kama sentimita 25 kila mmoja. Ndiyo siku ya kwanza nilimsikia akimzungumza mkewe: walivyokutana, jinsi alivyompa nyoka jina la shangazi aliyemchukia. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Walipojivua gamba la kwanza, baada ya wiki moja na kitu, wakaanza kula vitoto vya panya. Tisa wamekwenda kwa marafiki wa marehemu, mwenye dume akichagua wa kwanza. Wawili wamebaki na mzee. Alitaka kunipa mmoja, nikashukuru, nikakataa kwa adabu. Mimi bado ni mtu wa Tanga.

Mama naye sasa ana ombi. Anataka boksi kama lile kwa ajili ya kuku wake. Nimemwambia inawezekana: nyuzi 37.5, siku 21, na mayai ya kuku lazima yageuzwe. Amejibu kwamba kugeuza mayai haikuhitaji shahada, nimtumie boksi tu.