Pamba ya Kifuani

Neno pamba limebebeshwa mizigo mingi katika Kiswahili. Maiti hutiwa pamba kabla ya kufungwa sanda. Asiyetaka kusikia huambiwa ametia pamba masikioni. Na bibi arusi, ingawa pengine kwa mizizi ya lugha hana undugu na zao hilo, naye hupambwa. Watu wa mwambao na wa visiwani wamelijua neno hili kwa msiba, kwa ukaidi na kwa furaha, na aghalabu wamelijua bila ya kuliona shamba lake. Shamba lake liko mbali na bahari. Liko Usukumani, na sehemu yake kubwa iko Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, makao makuu yake yakiwa Bariadi.

Huko pamba hupandwa mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, na soko lake hufunguliwa Mei au Juni, kiangazi kikiwa kimeingia. Ndipo malori yaliyojaa hupita, yakiacha nyuzi nyeupe zimenasa kwenye miiba ya kando ya barabara, mtu akadhani miti imechanua. Viwanda vya kuchambulia pamba huamka baada ya usingizi wa miezi mingi, na watu wasio na kazi nyingine husimama langoni alfajiri wakingojea kuitwa. Hao ndio vibarua wa msimu. Msimu ukiisha huondoka nao, na majina yao, kama yaliwahi kuandikwa, hubaki katika daftari ambalo mwakani hapatakuwa na wa kulitafuta.

Mzee mmoja wa Bariadi, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa, alisimama langoni namna hiyo kwa misimu 25. Alianza mwaka 1979 na msimu wake wa mwisho ulikuwa wa 2003. Kwanza alilisha mashine pamba yenye mbegu. Baadaye akahamishiwa upande wa kufungia marobota, mahali ambapo hewa yenyewe ilikuwa nyeupe, na taa za mchana kutwa zilionekana kama mwezi wenye ukungu. Kinga yake ilikuwa kipande cha kanga kuukuu cha mkewe, amekizungusha puani na mdomoni. Kila mwaka mambo yalikuwa yale yale: siku ya kwanza ya msimu iliingia naye akiwa mzima, ikatoka naye akiwa amebanwa kifua kana kwamba yeye ndiye aliyefungwa robota. Baada ya majuma mawili matatu hali ilipoa. Alisema kifua kimezoea, na wenzake walisema hivyo hivyo.

Hakikuzoea. Ugonjwa huo una jina, nalo ni bisinosi. Hautokani na nyuzi safi peke yake, bali na vumbi la majani na vikonyo vilivyosagika pamoja na pamba, vumbi linalobeba sumu ya bakteria. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, kule Uingereza, waliujua kabla madaktari hawajaupa heshima ya jina, kwa kuwa uliwabana siku ya Jumatatu, siku ya kurudi kazini baada ya mapumziko. Miaka ikipita, Jumatatu hutambaa ikaingia Jumanne, kisha ikala juma zima, hata mtu akawa hana tena siku ya kupumua. Kibarua wa msimu hana Jumatatu. Jumatatu yake ni mwezi Juni. Wala haikuwa elimu iliyofichwa ughaibuni: mwaka 1978, kabla mzee huyu hajashika pamba ya kiwanda, madaktari wa Tanzania walikuwa wamekwisha kuchapisha katika jarida la tiba la Uingereza uchunguzi wao juu ya vifua vya wafanyakazi wa mkonge, ambao vumbi lake ni la ukoo mmoja na la pamba.

Ndugu wa vumbi hili, na aliye mwovu zaidi, ni asbesto, jiwe lenye nyuzi ambalo watu waligundua linaweza kufumwa kama kitambaa na kuchanganywa na saruji ya kuezekea. Mapaa ya namna hiyo yangali juu ya vichwa vya watu katika majengo mengi ya zamani ya nchi hii. Asbesto hungoja miaka 20, 30, hata 40, ndipo ijitokeze kwa kukakamaa kwa mapafu au kwa saratani. Lakini ina tabia moja ambayo, kwa mgonjwa anayedai haki, ni kama rehema: aghalabu huandika. Huacha alama kwenye utando wa mapafu, na picha ya eksirei inaweza kuzisoma. Pamba haiandiki. Eksirei ya aliyeumizwa na pamba haina alama ya kumtofautisha na mvuta sigara au na aliyeugua kifua kwa sababu nyingine. Daktari hupima nguvu ya pumzi, kisha humtazama mgonjwa na kumwuliza: ulifanya kazi gani, wapi, kwa muda gani, na kifua kilianza kubana lini? Kwa mgonjwa wa pamba, ushahidi mkubwa ni masimulizi yake mwenyewe.

Na fidia, maadam sasa neno hilo limefikiwa, haipendi masimulizi. Msomaji wa pwani analijua kwa njia nyingine. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona hutoa fidia, akalisha maskini kwa kila siku iliyompita. Hapo mgonjwa ndiye mtoaji, na hesabu yake ni nyepesi, siku moja kwa maskini mmoja. Katika sheria za kazi mgonjwa ndiye mpokeaji, na hesabu ndipo inapokuwa nzito.

Kwa miongo mingi Tanzania Bara iliendesha fidia ya wafanyakazi kwa sheria ya wakati wa Waingereza, iliyoanza kutumika mwaka 1949. Fedha ilishuka thamani, bei zikapanda, viwango vya sheria vikabaki mahali pake: ulemavu wa kudumu haukuzidi shilingi 108,000, na kifo shilingi 83,000. Mtu aliweza kufa kazini na fidia yake isitoshe kuwalisha waliokuja matangani. Mwaka 2008 ilitungwa sheria mpya, na kwayo ukaundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Waajiri walianza kuuchangia Julai 2015, nao ukaanza kulipa mafao Julai 2016. Mafao yake si ya kubezwa: matibabu, malipo ya asilimia 70 ya mshahara kwa asiyeweza kufanya kazi kwa muda, pensheni ya kila mwezi kwa aliyepata ulemavu mkubwa wa kudumu, malipo ya msaidizi kwa asiyejiweza, gharama za mazishi, na pensheni kwa wategemezi. Magonjwa ya kazi yamo, si ajali peke yake. Zanzibar, kwa kuwa kazi si jambo la Muungano, inakwenda kwa sheria yake.

Ni sheria njema, na anayeidharau hakumbuki ile iliyotangulia. Lakini mafao hukokotolewa kwa mshahara, na mshahara wa kibarua ni siku. Tena sheria humtafuta mwajiri, na mzee wa Bariadi, bila ya kuhama penye mashine ile ile, alipata waajiri watatu. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, hivyo alipoingia pamba ilikuwa chini ya mamlaka ya serikali. Katikati ya miaka ya 1980 ushirika ukarudi. Mwaka 1994 soko likafunguliwa na kampuni binafsi zikaingia. Kibao cha langoni kilipakwa rangi upya kila mara. Vumbi halikubadili mwenyewe.

Hapa inafaa kuvuka bahari kidogo, kwenda mji wa Rochdale, Lancashire, kwa sababu mji huo una deni la ajabu na Usukuma. Mwaka 1844 watu 28 wa Rochdale, wengi wao mafundi na wafumaji, walianzisha duka la pamoja ambalo ndilo mama wa ushirika wa kisasa duniani. Mti ule ndio ulioota hadi kando ya Ziwa Viktoria, ambako mwaka 1955, chini ya Paul Bomani, wakulima wa pamba waliunda shirikisho lao na kuingia kwenye biashara ya kuchambua pamba iliyokuwa mikononi mwa wengine. Rochdale huo huo, mwaka 1871, ndugu wa ukoo wa Turner walifungua kiwanda cha vizibio vya pamba vya injini za mvuke. Mwaka 1879 wakaanza kufuma asbesto kwa mitambo. Jiwe lilipita kwenye njia iliyokwisha kuchongwa na pamba.

Mfanyakazi mmoja wa kiwanda hicho, Nellie Kershaw, aliingia kwanza kwenye kiwanda cha pamba akiwa na miaka 12, kisha akahamia asbesto. Mwaka 1922 daktari aliandika kwamba anaugua sumu ya asbesto. Nellie akaenda kwenye bima ya ugonjwa, akaambiwa maradhi yake yametokana na kazi, hivyo si yao. Akaenda kwa mwajiri, naye akajibu kwamba ugonjwa huo haumo katika orodha, na kumlipa mmoja kungewafungulia mlango wengine. Alifariki Machi 1924 akiwa na miaka 33, akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Wakubwa wa kampuni hawakuhitaji kuambiwa kwamba kuna wengine. Barua zao ndizo zilizowasema.

Baada yake mambo yalikwenda kwa mwendo wa kobe. Kanuni za vumbi la asbesto na fidia yake zilikuja mwaka 1931. Wagonjwa wa pamba walipata mpango wao mwaka 1941, nao ulimtaka mtu awe amekwisha kabisa nguvu na awe ametumikia miaka 20. Mwaka 1979, miaka 55 tangu Nellie azikwe, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoweka asbesto na pamba chini ya paa moja: wagonjwa wa vumbi la mawe, wa bisinosi na wa saratani ya asbesto, ambao waajiri wao hawapo tena wa kushitakiwa, hulipwa na serikali kwa mkupuo. Wabunge walitambua jambo ambalo mtoto wa Bariadi angeweza kuwaambia, kwamba kifua huishi kuliko kampuni.

Tuseme mzee huyu angepimwa kwa kipimo cha mwaka 1941. Misimu 25, kila mmoja miezi minne, ni miezi 100, ambayo ni miaka minane na miezi minne. Angekosa, tena kwa mbali, ilhali mwili wake unahesabu miaka 25 kamili, kwa kuwa miezi ya mvua, wakati anapalilia shamba lake, ndiyo iliyokuja kumwonyesha ni pumzi kiasi gani amebakiwa nayo. Kwa sheria ya leo, aliacha kazi miaka mingi kabla Mfuko haujaanza. Aliyeanza kazi juzi ana mlango wa kubisha, kama mwajiri wake amemsajili, kama ugonjwa umetolewa taarifa ndani ya muda uliowekwa, na kama kuna karatasi. Katika hayo matatu, karatasi ndiyo iliyo rahisi na ndiyo inayokosekana. Kila robota la pamba linalotoka Simiyu limepimwa uzito na kupewa namba. Likifika kwenye kiwanda cha nguo nchi ya mbali, linaweza kufuatiliwa hadi kiwanda lilikochambuliwa na msimu wake. Aliyelifunga hana namba. Haiwezekani kusema kwamba kuandika kumeshindikana mahali ambapo mzani na kalamu vimesimama usiku na mchana.

Mjukuu wa mzee, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alichukua daftari la mistari akaamua kumwandikia. Walikaa chini ya mwembe, mzee kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza kwenye shina kwa sababu akikaa bila ya kuegemea pumzi hukatika.

"Babu, ulianza kazi tarehe ngapi?"

"Tarehe ni za watu wa mshahara. Andika mwaka askari waliporudi kutoka kwa Amini."

Akaandika 1979. Kwa Kiswahili watu husema fulani ana kifua, maana yake ni mvumilivu na mtunza siri, na mzee huyu alikuwa amekitunza chake kwa muda mrefu. Sasa akaanza kukifungua. Kila msimu ulikuwa na alama yake. Mmoja ulikuwa wa kifo cha Sokoine, na mjukuu akaandika 1984; mwingine ulikuwa wa ng'ombe waliokufa, nao ukabaki na alama ya kuuliza; mwingine rafiki yake aliondoka na mkono mmoja kwenye mashine, na huo aliukumbuka hadi saa. Alipofika kwenye msimu wa uchaguzi wa vyama vingi, 1995, kikohozi kilimshika kikamwinamisha hadi magotini. Mjukuu aliinua kalamu, asiguse karatasi, akasubiri. Kuku wawili walipita. Mkewe alitoka jikoni na maji kwenye bakuli, akamshikia anywe, akarudi bila ya kusema neno.

"Tulifika wapi?"

"Msimu uliofuata, babu. Mwaka ilipozama MV Bukoba."

"Eh," akasema mzee, akajiegemeza tena. "Huo pamba ilikuwa nyingi."