Tulichojifunza Sarajevo

Mwezi wa Septemba uliopita, baada ya kumuozesha binti yetu wa mwisho, mimi na mume wangu tulifunga safari ya siku sita kwenda Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia. Jamaa walituuliza: mbona Ulaya? Jawabu letu lilikuwa jepesi. Tulitamani kuuona mji wa Ulaya ambao adhana imesikika humo kwa zaidi ya karne tano. Tena kulikuwa na jambo baina yetu lililohitaji utulivu. Nyumba niliyorithi kwa marehemu baba, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ilikuwa imepata mnunuzi mwenye bei nono. Mume wangu aliona niiuze, tumpe kijana wetu mtaji na sisi tupate akiba ya uzeeni. Mimi moyo wangu ulitaka niiweke wakfu.

Sarajevo umelala bondeni, mto Miljacka ukiupita katikati, na mgeni aweza kuuzunguka kwa miguu. Mtaa wa kale, Baščaršija, una vichochoro vya wafua shaba na wauza kahawa. Uwanjani pana chemchemi ya maji ya kunywa iitwayo Sebilj, iliyojengwa mwaka 1753, na jina lake lina asili moja na sabili yetu. Kahawa huletwa katika kibuyu kidogo cha shaba pamoja na kipande cha utamu. Mume wangu aliionja akasema, "Hii ni ndugu ya kahawa chungu, ila imekosa tangawizi." Hatua chache mbele, vibanda vya enzi ya Waturuki hukoma ghafla, yakaanza majumba marefu ya Waaustria waliouchukua mji mwaka 1878. Msikiti, kanisa na sinagogi vyote vimo katika mwendo wa dakika chache.

Lililotushangaza ni mnara wa saa. Mishale yake hufika kumi na mbili wakati wa Magharibi, jua linapotua, na kwa kuwa machweo hubadilika, saa hiyo hurekebishwa mara kwa mara. Sisi Waswahili, tusemao saa kumi na mbili jioni huku mshale uko kwenye sita, tulicheka kwa furaha. Huku Ulaya tulikuta saa isiyohitaji kutafsiriwa.

Mnara huo uko ubavuni mwa msikiti wa Gazi Husrev-beg, gavana wa Kituruki wa Bosnia, uliokamilika karibu na mwaka 1531. Tuliswali humo, kisha tukatazama aliyoyaacha. Karibu na msikiti lipo soko lililoezekwa, Bezistan, ambalo kodi ya maduka yake iliwekwa wakfu. Ipo pia madrasa ya mwaka 1537. Hati yake ya wakfu ilieleza kwamba fedha zitakazobaki baada ya ujenzi zinunuliwe vitabu kwa ajili ya wasomaji. Hapo ndipo ilipozaliwa maktaba ambayo ipo hadi leo.

Maktaba hiyo imepita katika moto. Tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996 mji ulizingirwa, na watu zaidi ya 11,000 waliuawa. Mashimo ya makombora njiani yamejazwa rangi nyekundu, nao huyaita mawaridi. Mwezi wa Agosti 1992 Maktaba ya Taifa iliteketezwa, na sehemu kubwa ya vitabu vyake ikawa majivu. Lakini wafanyakazi wa maktaba ya Husrev-beg walivibeba vitabu vyao vyenye thamani kubwa kutoka maficho hata maficho, huku risasi zikilia, wakaviokoa.

Tulikaa uani mwa msikiti, penye kaburi la mwenye wakfu. Mume wangu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mama watoto, huyu hakuacha mawe matupu. Aliandika kodi itumike wapi na kibakiacho kifanye nini. Mimi sikuwa naogopa sadaka. Nilikuwa naogopa wakfu usio na maandishi, ukaliwa na wajanja."

Nikamwambia, "Baba watoto, mali bila daftari huisha bila habari. Basi tuiandike."

"Mali ni yako," akanijibu. "Langu ni shauri tu. Usiwasahau watoto."

Tuliporudi tuliwakusanya watoto, tukaenda kwa Kadhi. Maduka mawili ya chini nimeyaweka wakfu kwa madrasa ya mtaani: kodi yake ilipe mwalimu, na kibakiacho kinunue vitabu. Ghorofa ya juu itabaki milki yangu, na kwa warithi baada yangu. Kijana wetu atasubiri mtaji wake, naye ameridhia. Mnunuzi tumemjibu kwa heshima.

Ndugu zangu wake na waume, wengi wetu huzungumza mambo ya mali tukiwa tumekaa matangani, wakati mwenye mali hawezi tena kujibu. Si lazima mtu asafiri hadi Bosnia. Hata jioni moja barazani yatosha. Mradi mzungumze mkiwa hai, mkiwa na mapenzi, na mjukuu awe tayari na kalamu.

Mwenyezi Mungu atujaalie sadaka zenye kuendelea, na awarehemu waliotutangulia. Amin.