Hospitali Ina Milango Mingi: Safari ya Subukia

Je, msomaji mpenzi, una mtoto nyumbani ambaye kila akiulizwa atakuwa nani maishani hujibu, "Daktari"? Kama unaye, basi siku moja funga naye safari uende Subukia. Mimi nilimpeleka mpwa wangu, binti ya dada yangu, wakati alipokuwa akisubiri matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, na safari hiyo ilituokoa sote.

Mamake alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wote mtaani kuwa nyumba yake itatoa daktari. Binti naye alikuwa hapati usingizi. Tulipokuwa garini aliniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, karatasi ya Kemia ilinishinda. Nikikosa alama za udaktari, nitamwambia mama nini?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwanza twende tukamjulie hali nyanya yake.

Ukitoka Nairobi, utashukia Nakuru mjini na kupanda matatu ya Nyahururu. Utapita Maili Sita na Maili Kumi, kisha barabara itaanza kuteremka, kona baada ya kona, na ghafla bonde zima la Subukia litakuwa chini yako: mashamba ya mahindi, ng'ombe wa maziwa, moshi wa jikoni ukipanda polepole kutoka kwa paa za mabati. Mstari wa ikweta unapita sehemu hizi, lakini usidhani utatokwa na jasho. Asubuhi na mapema utalitafuta sweta lako.

Wengi hulijua jina la Subukia kwa sababu ya Kijiji cha Maria Mama wa Mungu, mahali patakatifu pa kitaifa pa Wakatoliki, ambapo mahujaji hukusanyika kwa maelfu kila mwaka. Wengine huja kuwaombea wagonjwa wao. Sisi mgonjwa wetu tulikuwa naye nyumbani. Mama yangu ana shinikizo la damu, na kesho yake ilikuwa siku yake ya kliniki.

Basi kulipopambazuka tulimsindikiza hadi hospitali ya serikali. Nilimpa mpwa wangu kazi moja tu: "Hesabu kila mtu atakayemhudumia nyanya yako."

Wa kwanza alikuwa kijana wa kumbukumbu, aliyeitafuta faili na kuipata. Wa pili alikuwa muuguzi, aliyempima shinikizo la damu na uzani huku akimtania kwa Kikuyu hadi ajuza akacheka. Wa tatu alimkagua, akamuuliza maswali mengi, akaagiza apimwe sukari. Wa nne, kule maabara, alimtoboa kidole. Wa tano alimweleza kuhusu chumvi na mafuta katika chakula. Wa sita alimpa dawa dirishani, akamrudishia mara mbili maelezo ya kuzimeza.

Tulipotoka, binti alisimama langoni. "Mjomba, nimehesabu watu sita. Daktari ni yupi?"

Nikamwambia hakukuwa na daktari hata mmoja katika hao. Yule wa tatu, ambaye nyanya yake humwita daktari miaka yote, ni afisa wa kliniki.

Hebu tuelezane hapa, msomaji, kwani wazazi wengi hawajui. Kusomea udaktari katika chuo kikuu huchukua miaka 6, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Nafasi ni chache, na wanaozipata katika vyuo vya umma mara nyingi ni wenye A au A-. Afisa wa kliniki husoma diploma kwa miaka 3, kisha naye hufanya mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi. Katika vyuo vya KMTC, ambavyo historia yake ilianza mwaka 1927, mwenye wastani wa C anaweza kuomba nafasi, mradi awe amefanya vyema katika masomo yanayotakiwa, kama vile Bayolojia. Huyu hupima, hutibu na huandika dawa. Akitaka kuendelea, yaweza kuwa matibabu ya macho, ya watoto, au kazi ya kuwapa usingizi wanaopasuliwa. Hapo Nakuru mjini kuna tawi la KMTC, na Chuo Kikuu cha Egerton nacho kina masomo ya tiba.

Hao ni wale wa ndani ya hospitali tu. Jioni hiyo alibisha hodi jirani wa mama yangu, mama mmoja mwenye mkoba begani. Yeye ni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale takriban 100,000 ambao serikali iliwapa vifaa mwaka 2023 ili wazunguke nyumba kwa nyumba. Aliuliza kama mgonjwa amemeza dawa, akapanda mlima kwenda kwa mwingine.

Halafu kuna kazi ambazo hutazijua hadi siku ya msiba. Sehemu ya Solai haiko mbali na hapo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa lilipasuka huko na maji yakazoa nyumba na watu waliokuwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Baada ya msiba kama huo, daktari wa upasuaji hana budi kuwepo. Lakini ni nani atakayehakikisha kuwa maji ya kunywa ni safi na vyoo vipo, ili kipindupindu kisije kumaliza waliosalia? Ni afisa wa afya ya umma, yule ambaye wazee humwita bwana afya. Ni nani atakayeketi na mzazi aliyepoteza watoto wake? Ni mshauri wa nasaha. Ni nani atakayemfundisha aliyevunjika mguu kutembea tena? Ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kazi hizi zina machungu yake. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na mojawapo ya malalamiko ilikuwa hali ya vijana wanaosubiri kupelekwa kwenye mafunzo ya kazi. Wapo wenye diploma za afya ambao wamekaa nyumbani bila ajira. Kwa hivyo mtoto asichague kazi kwa sababu ya koti jeupe. Achague ile ambayo ataipenda hata siku ambayo mshahara umechelewa.

Matokeo yalipotoka, mpwa wangu alikuwa na B-. Alimwambia mamake mwenyewe, bila kujificha nyuma yangu, kuwa angependa kusomea kazi ya maabara. Kidole cha nyanya yake kilichotobolewa ndicho kilichomvutia. Alitaka kujua tone lile la damu lilikuwa limesema nini. Dada yangu alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akapiga simu Subukia, labda akitafuta wa kumuunga mkono.

Mama yangu alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu: "Binti yangu, aliyegundua kuwa sukari yangu imepanda si daktari. Ni yule wa maabara. Mwache mtoto."

Basi, mzazi, kabla ya kumchagulia mtoto mlango mmoja, mpeleke kwanza akaione nyumba nzima. Nawe mwanafunzi, siku utakapompeleka mgonjwa hospitalini, usikae kwenye benchi ukisinzia. Hesabu watu. Huenda mmoja wao ndiye wewe wa kesho.