Namba Iliyomtetea Dereva

Kila mtu wa kambini anajua namba zake. Namba ya kadi, namba ya bloki, idadi ya watu wa nyumba, kilo za unga. Mara nyingi namba hizo zinatusemea sisi tukiwa kimya kwenye mstari. Leo nataka kueleza namba moja ambayo ilisimama upande wetu. Ni kipimo cha hewa na mafuta, na nilikisoma Bugendana, mkoa wa Gitega, kwenye usukani wa pikipiki ya magurudumu manne, ile watu wanaita kwadi.

Mimi ni fundi. Uvira nilikuwa na garaji yangu karibu na ziwa. Hapa Gasorwe, Muyinga, natengeneza moto za watu chini ya mti wa avoka. Karatasi zangu za ufundi zilibaki Kongo, kwa hiyo ufundi wangu uko mikononi na masikioni tu. Injini ikinguruma, najua inataka nini. Shida ni kwamba sikio halina muhuri.

Shirika moja lilikuwa na kwadi ya zamani, ya kubeba masanduku ya chanjo kwenye kolini ambako gari halipiti. Nilipewa ruhusa ya wiki mbili kutoka kambini nikaifanyie matengenezo. Nilipofika nikakuta maneno. Kwenye kitabu cha ofisi, mzunguko wa kilomita 70 ulipaswa kula lita 6 za esanse. Dereva alikuwa anarudi amemaliza lita 7. Lita moja inapotea kila safari. Na nyinyi mnajua esanse ilivyo Burundi miaka hii: foleni kwenye vituo, chupa zinauzwa kwa siri, bei haishikiki. Basi ikaamuliwa kwamba kijana anauza. Mwisho wa mwezi angefukuzwa.

Kijana mwenyewe ni mzaliwa wa Mtabila, Tanzania. Alirudi Burundi na wazazi wake kambi ile ilipofungwa mwaka 2012, ndiyo maana Kiswahili chake ni cha Kigoma kabisa. Aliniambia, "Kaka, mimi hata tone sijauza. Hii kitu yenyewe inakunywa."

Bugendana si mahali pa kurusha tuhuma hovyo. Ndipo zaidi ya watu 300 waliokuwa wamekimbilia kambi ya wakimbizi wa ndani waliuawa, tarehe 20 Julai 1996. Mimi mgeni, sina maneno juu ya msiba wa wenyeji. Lakini niliona kwamba mahali palipoumia namna ile, kumwita mtu mwizi mbele ya majirani si jambo dogo. Jina likichafuka halisafishwi kwa barua.

Nilifungua bujie siku ya kwanza. Nyeusi, kavu, masizi kama chini ya sufuria. Bujie ya injini iliyo sawa huwa na rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa. Nyeusi namna ile maana yake esanse inaingia nyingi kuliko hewa, nyingine inatoka bila kuungua vizuri. Na sababu haikuwa ngumu. Kwadi ilikuja na karibireta (Watanzania wanasema kabureta) iliyopimwa kwa nchi za chini, karibu na usawa wa bahari. Kule Uvira ziwa liko kama mita 770 juu ya bahari. Gitega ni kama mita 1,500, na milima ya Bugendana inapanda zaidi. Ukifika mita 1,600, hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya pwani. Injini inavuta pumzi ile ile lakini hewa yenyewe ni kidogo, wakati tundu la esanse halijabadilika. Nikamwambia shefu wa magari, "Huyu haibi. Karibireta haijui kwamba imepanda mlima." Akacheka kwa upole. Hakuandika kitu.

Bahati ilikuwa mgeni mmoja wa shirika, mama mhandisi aliyekuja kwa mwezi mmoja. Kwao anashindana na kwadi kwenye matope, na alikuwa na geji ya hewa na mafuta kwenye sanduku lake. Akanipa. "Fundi, unaweza kuifunga?" Nikasema naweza.

Nieleze kazi, maana vijana wa hapa watauliza. Kwanza tulitoa nyaya za betri, ili umeme wa kuchomelea usiunguze vitu. Nikatoboa bomba la moshi kabla ya kizuia sauti, nikachomelea nati ya milimita 18. Tundu liwe upande wa juu wa bomba, lisiwe chini, kwa sababu maji ya moshi yakituama yanaua kifaa. Humo kinafungwa kihisi, mafundi wanakiita sensa, kama ile ya kuhesabu watu. Kinaonja moshi na kupima hewa iliyobaki. Waya mmoja kwenye volti 12 zinazowaka na swichi, mwingine kwenye chuma cha fremu, geji kwenye usukani. Mwisho nikakagua bomba kama lina ufa. Likivuta hewa ya nje kabla ya kihisi, namba inadanganya.

Kusoma ni rahisi. Esanse gramu moja inaungua sawasawa na hewa gramu 14.7. Namba ikishuka, esanse imezidi. Ikipanda, hewa imezidi na injini inachemka. Ukiwa na mzigo unapanda mlima, unataka kama 12.5 hadi 13, ipate nguvu bila kuungua.

Shefu mwenyewe alipanda nyuma ya dereva. Kwenye mwinuko wa kwanza geji ikaonyesha 11. Wa pili, 11 tena. Akaniuliza kwa nini. Nikamjibu maneno yale yale ya siku ya kwanza. Safari hii akatoa kalamu.

Nilisafisha chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu, namba ikasogea kidogo. Nikabadilisha jikleri kubwa, nikaweka ndogo kwa hatua mbili, na sindano nikaishusha ngazi moja. Tukapanda mlima ule ule: 12.8. Kisha tukajaza tanki mpaka shingoni mbele ya shefu, tukafanya mzunguko mzima wa kilomita 70, tukajaza tena kwa kupima. Lita 6. Ile lita iliyokuwa inaitwa wizi ilikuwa imetoka kwa bomba la moshi, nyeusi, kila mtu akiiona.

Dereva alibaki kazini na chanjo ziliendelea kupanda. Aliombwa msamaha ofisini, mlango umefungwa. Alikuwa ametuhumiwa uani.

Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa: geji haikusema kitu ambacho bujie haikusema, na bujie haikusema kitu ambacho dereva hakusema. Tofauti ni nani aliyeaminiwa. Geji kama ile hazipo nyingi, na mama mhandisi aliondoka na yake. Watu wanaojua kazi wapo kila bloki. Kabla ya kuandika "wizi", muulizeni mmoja wao afungue bujie.

Na kwa mafundi wenzangu: tununue daftari. Mimi sasa naandika kila moto inayofika kwangu, rangi ya bujie, lita iliyoweka, kilomita ilizokwenda. Vijana wawili ninaowafundisha wanaandika pia, hata kama mwandiko wao unatambaa kama jongoo. Wiki jana mwenye moto mmoja alibisha kwamba nimemharibia injini. Mwanafunzi wangu akafungua ukurasa, akamsomea tarehe na lita. Jamaa akanyamaza, akalipa.