Buibui na Baju Kurung

Tulipofika Gombak, kandokando ya Kuala Lumpur, kusoma katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa, masanduku yetu yalijaa mabuibui meusi. Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1983, kina wasichana wa mataifa mengi, na hapana aliyetukataza vazi letu. Lakini buibui jeusi huko huhesabiwa vazi la Kiarabu, nasi tuliulizwa kila siku tumetoka Uarabuni gani.

Wamalei wao huvaa baju kurung: kanzu pana ifikayo magotini, juu ya sketi ndefu yenye marinda ubavuni, pamoja na ushungi wa rangi uitwao tudung. Tulikwenda kutafuta vitambaa Jalan Masjid India, tukachagua pamba, kwani kitambaa cha nailoni hugandamana na mwili kwa joto na unyevu wa nchi ile. Muuzaji atakusifia kilicho chepesi. Kiinue kwanza kwenye mwanga. Sweta nayo ni lazima, maana madarasa hupoozwa mno.

Mama zetu walipoona picha walinyamaza siku mbili. Kisha mmoja akauliza: “Buibui mmelitupa, wanangu?”

Hatukulitupa. Tulimjibu kwamba sitara ni ile ile, na kwamba hata Lamu, kabla ya buibui, wanawake wa kiungwana walipita njiani ndani ya shiraa.

Akafikiri kidogo. “Basi nami nileteeni moja,” akasema, “ya zambarau.”